Jinsi ya Kuandaa Hafla ya Kuwaenzi Wanaopambana na Utumwa Mamboleo: Mwongozo Kamili kwa Kamati Ndogo

Hafla ya kwanza ya aina hii niliyoshiriki kuiandaa, nikiwa katibu wa kamati, tuliifanya vibaya. Tulimwalika ofisa ustawi wa jamii aliyekuwa ameshughulikia mashauri ya mabinti wa kazi za ndani kwa miaka mingi, tukampa saa ya ukutani yenye maandishi ya rangi ya dhahabu, tukampigia makofi, kisha mshereheshaji, bila kumwuliza mtu yeyote, akarusha ukutani picha ya binti ambaye ofisa huyo alikuwa amemtoa katika nyumba alimofungiwa. Uso wa binti ulikuwa wazi kabisa. Ofisa yule aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kusimama mbele ya projekta mpaka kivuli chake kikaufunika uso ule, na hakuondoka pale hadi fundi alipoizima. Saa yenyewe, kama alivyotueleza baadaye kwa upole, ilikuwa ya pili kupewa; alichokuwa akikihitaji ni nauli ya bodaboda, ambayo huitoa mfukoni mwake kila anapoitwa usiku.

Mwongozo huu umetokana na makosa hayo na mengine yaliyofuata. Umeandikwa kwa kamati ndogo za kata, parokia, msikiti, chama cha wafanyakazi au kikundi cha kina mama, ambazo hazina fedha nyingi wala wataalamu wa itifaki, lakini zinataka kumshukuru hadharani mtu anayepambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Kazi hii ina tofauti moja kubwa na kumpongeza mwalimu bora au mkulima bora: nyuma ya kila anayestahili kuenziwa kuna mtu mwingine aliyeokolewa, na nyuma ya huyo kuna mtu wa tatu, aliyepata hasara kwa kuokolewa kwake, ambaye huenda bado anaishi mtaa wa pili.

Kabla ya yote: kubalianeni mnachokienzi

Kikao cha kwanza kisianze na bajeti wala mgeni rasmi. Kianze na maana ya maneno, kwa sababu nimeshuhudia kamati ikitaka kumtunuku askari aliyekamata lori la wahamiaji wa magendo, jambo ambalo linaweza kuwa kazi njema lakini ni kosa la aina nyingine. Kwa mujibu wa Itifaki ya Palermo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 dhidi ya kosa hili, usafirishaji haramu wa binadamu una nguzo tatu: tendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, yaani nguvu, vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, nguzo ya njia haihitajiki. Si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Binti wa miaka 14 aliyeahidiwa shule akatolewa kijijini Singida na kuletwa Dar es Salaam kufua, kupika na kulea bila mshahara, ameingia katika maana hiyo hata kama aliyemleta ni shangazi yake wa damu.

Tanzania ina sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008, Uganda ya mwaka 2009 na Kenya ya mwaka 2010. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kuisoma sheria ya nchi yenu na kuwaeleza wenzake kwa dakika kumi. Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu takriban milioni 50 walikuwa katika utumwa mamboleo, milioni 27.6 kati yao wakiwa katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Takwimu hizo zinafaa kwenye risala. Hazifai kwenye kikao cha uteuzi, ambapo swali ni moja tu: nani hapa kwetu amefanya nini?

Hatua ya kwanza: chagueni siku

Siku inayotumika zaidi ni 30 Julai, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2013 kuwa siku ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu. Parokia nyingi hupendelea 8 Februari, kumbukumbu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa na kuuzwa mara kadhaa kabla ya kupata uhuru wake nchini Italia, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa ya sala na uhamasishaji juu ya janga hili. Kwa vyama vya wafanyakazi wa nyumbani, 16 Juni ina uzito wa pekee, maana ndiyo tarehe ambayo mwaka 2011 Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani ulipitishwa, na pia ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Kuna pia 2 Desemba, siku ya kimataifa ya kukomesha utumwa. Msikiti unaweza kuchagua Ijumaa iliyo karibu na mojawapo ya tarehe hizo.

Mahali penyewe panaweza kusema jambo. Zanzibar kuna Mkunazini, ambako kanisa kuu la Anglikana lilijengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Bagamoyo kuna misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, iliyowapokea watu waliokombolewa. Mombasa kuna Kengeleni, ng'ambo ya kisiwa, penye kengele ya Freretown, makazi ya zamani ya watumwa walioachwa huru. Ninatahadharisha jambo moja kuhusu kufanyia hafla mahali kama hapo: msijaze mabango kwa picha za minyororo. Mzazi anayetazama pingu za chuma kwenye bango huondoka akiamini kwamba jambo hili liliisha zamani, au kwamba likija atalitambua kwa mlio wake. Binti wa leo hupanda basi mwenyewe, begi lake jipya mapajani, akimpungia mama yake mkono dirishani.

Hatua ya pili: watafuteni wasioandika barua za maombi

Freretown yenyewe ni somo kwa kamati. Mtaa ule ulipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kwa Sultani wa Zanzibar kuhusu biashara ya watumwa, na jina hilo lingali midomoni mwa watu hadi leo. Jirani, huko Rabai, katika miaka ya 1880, William Jones, Mwafrika ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameokolewa utumwani na kulelewa India, alikuwa miongoni mwa waliowapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, huku mabwana wao wakitishia kuja kuwachukua. Ni wangapi wanaopita Kengeleni kila siku wanaolijua jina la Jones? Basi kamati inayosubiri barua za mapendekezo kutoka kwenye mashirika yenye ofisi na mihuri itawapata kina Frere peke yao.

Namna bora ya kutafuta ni kuifuata njia ya mwathirika mmoja kuanzia mwisho hadi mwanzo, bila kuulizia jina lake, na kuuliza kila alipopita: nani alimsaidia hapa? Mkifanya hivyo mtakutana na watu ambao hawakuwahi kufikiriwa. Mtakutana na kondakta aliyeshuku kwa nini mwanamke mmoja ameshika tiketi za mabinti sita wasiojua wanakoshukia. Mama lishe wa stendi aliyemketisha mtoto nyuma ya meko yake mpaka mwenyekiti wa mtaa alipofika. Muuza duka aliyegundua kwamba msichana anayetumwa mkate kila asubuhi hajawahi kuvaa kiatu. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mkalimani aliyejitolea mahakamani siku tatu. Mlezi wa nyumba salama anayelala na simu chini ya mto. Na mwalimu aliyekubali kumrudisha darasani msichana wa miaka 17 akae na watoto wa miaka 13.

Kundi jingine linalosahaulika ni wafanyakazi wa nyumbani waliojipanga wenyewe. Mkoani Mwanza, shirika la WoteSawa lilianzishwa na Angela Benedicto, ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Vyama vya wafanyakazi vya CHODAWU nchini Tanzania na KUDHEIHA nchini Kenya vina wanachama wanaoyajua mageti ya mitaa yao kuliko ofisa yeyote. Ukitaka kujua nani anawasikiliza madada wa kazi, nenda bombani au kwenye kioski cha maji saa kumi na moja alfajiri ukawaulize wao.

Hatua ya tatu: chunguzeni, na msione haya

Baada ya majina kupatikana, kamati iteue watu wawili wasio na undugu wala biashara na wanaopendekezwa, wafanye uchunguzi wa wiki mbili au tatu. Wengi huona ni utovu wa adabu kumchunguza mtu mnayetaka kumshukuru. Mimi naona utovu wa adabu mkubwa zaidi ni kumpandisha jukwaani mbele ya watoto mtu ambaye watoto hao wanamwogopa. Mwaka 2014 mwanaharakati mmoja wa Asia, aliyekuwa ametunukiwa tuzo nyingi za kimataifa kwa kupambana na biashara ya ngono, alijiuzulu katika taasisi aliyoianzisha baada ya ukweli wa simulizi zake kutiliwa shaka na kuchunguzwa. Waliomtunuku hawakuwa wajinga. Simulizi ilikuwa nzuri mno, wakasahau kuuliza.

Kwa mtu mmoja mmoja, zungumzeni na watu watatu waliofanya naye kazi, mmoja wao akiwa chini yake kicheo. Kwa nyumba salama au shirika, ulizeni kama limesajiliwa, nani hukagua hesabu, na mambo mawili ambayo hayamo kwenye vipeperushi: je, wanaohifadhiwa wanaweza kumpigia simu ndugu wanayemtaka, na je, wanaweza kuondoka wakiamua? Nyumba inayomfungia mtu kwa nia njema bado inamfungia. Mwulizeni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri faraghani, ana kwa ana. Kwa maandishi atawapa sifa tupu.

Uchunguzi huohuo uwafikie wafadhili. Mawakala wa ajira za nje hupenda sana kudhamini hafla za namna hii, na baadhi yao ni watu waadilifu wanaofuata sheria. Hata hivyo, turubai lenye nembo ya wakala likipigwa picha nyuma ya mtetezi anayeheshimika, picha hiyo itatumika vijijini kama ushahidi kwamba wakala huyo ni salama. Nchini Kenya mawakala binafsi husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na Tanzania nako wakala hatakiwi kufanya kazi hiyo bila leseni. Thibitisheni kabla ya kupokea hata katoni moja ya maji. Mkiwa na shaka, nunueni maji wenyewe.

Hatua ya nne: ombeni ridhaa, mara mbili

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta madhara makubwa. Tunadhani kwamba kuenziwa ni zawadi, na zawadi haiombewi ruhusa. Tunapenda hata kumshtukiza mtu, aitwe jukwaani akiwa hajui, alie, watu wapige vigelegele. Kwa mtu ambaye jana alitoa ushahidi dhidi ya dalali, kushtukizwa mbele ya kamera si furaha hata kidogo.

Ombi la kwanza lifanywe ana kwa ana na mjumbe anayefahamiana naye, kabla jina halijaandikwa popote. Maneno yanaweza kuwa mepesi kama haya: "Dada, kamati ingependa kukushukuru hadharani tarehe 30 kwa kazi unayoifanya stendi. Hujalazimika kukubali, na ukikataa hakuna atakayejua kwamba tuliwahi kukuomba. Ukikubali, unaweza kuchagua jina lako litajwe au lisitajwe, upigwe picha au usipigwe. Je, kuna mtu ambaye akisikia jambo hili anaweza kukudhuru, wewe au unaowasaidia?" Kisha nyamazeni. Swali la mwisho huhitaji muda, na mara nyingi jibu lake la kwanza ni "hakuna", likifuatiwa baada ya dakika chache na "ila kuna yule...". Hayo ya baada ya "ila" ndiyo ya kuandikwa.

Ombi la pili lifanywe siku tatu kabla ya hafla, kwa maandishi yanayoeleweka, likitaja ni nani watahudhuria, ni vyombo gani vya habari vimealikwa na picha zitawekwa wapi. Anayebadili mawazo asubuhi ya siku yenyewe aruhusiwe bila kuulizwa sababu. Kwa hiyo vyeti na ratiba vipangwe kwa namna ambayo mtu mmoja akiondolewa pengo halitaonekana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, zote zikitaka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililoelezwa, lakini hata pasingekuwa na sheria, busara ingetosha.

Kuna hali tatu zinazohitaji uangalifu wa ziada. Ya kwanza ni kesi iliyo mahakamani. Ikiwa mnayetaka kumwenzi ni shahidi, mpelelezi au mwendesha mashtaka katika shauri ambalo halijaisha, ahirisheni sehemu inayohusu shauri hilo, kwani wakili wa utetezi anaweza kudai kwamba shahidi alipewa tuzo kwa ushahidi wake. Muenzini kwa kazi ya miaka iliyopita, au msubiri hukumu.

Ya pili ni watu walio Ghuba. Familia nyingi za Pwani, za Nairobi na za Dar es Salaam zina mtoto anayefanya kazi Muscat, Riyadh au Dubai, na mara nyingi msaada wa kwanza kwa binti aliyenyang'anywa pasi ya kusafiria hutoka kwa Mswahili mwenzake aliyempa godoro sebuleni. Chini ya mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, kuondoka kwa mwajiri bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa utoro, na anayemhifadhi aliyeondoka anaweza kujikuta matatani na vyombo vya dola. Msimtaje mtu wa namna hiyo, msitaje mji wake, wala msimtumie cheti kwa njia ya simu. Mshukuruni mama yake mzazi nyumbani, kwa mlango uliofungwa, na apelekewe salamu kwa mdomo.

Ya tatu ni manusura ambao wamegeuka kuwa watetezi. Mkenya Sophie Otiende, ambaye ni manusura na amefanya kazi na shirika la HAART Kenya, alitajwa mwaka 2020 na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani miongoni mwa mashujaa wa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, na anajulikana kwa kutetea uongozi wa manusura katika mapambano haya. Mtu wa namna hiyo anaenziwa kwa kazi yake: mafunzo aliyoyaandika, watu aliowaelekeza, sera alizozisukuma. Asiombwe kusimulia yaliyompata kana kwamba ndiyo kiingilio chake cha jukwaani. Akitaka kusimulia, ni hiari yake, na atapanga yeye aanzie wapi na aishie wapi. Mshereheshaji aambiwe hivyo mapema na aahidi, maana washereheshaji wetu wana tabia ya kusema "hebu tuambie kidogo ilikuwaje" pale wanapoona ukumbi umepoa.

Hatua ya tano: andikeni cheti kinachosema jambo

Vyeti vingi husomeka hivi: "Kwa kutambua mchango wako mkubwa na juhudi zako zisizo na kikomo katika jamii." Maneno hayo yanaweza kupewa mtu yeyote kwa jambo lolote, na anayeyapokea anajua. Cheti kizuri kinataja kitendo bila kumtaja aliyesaidiwa. Kwa mfano: "Kwa kuwa tangu mwaka 2017 umekuwa ukiwahoji kwa staha watu wazima wanaosafiri na watoto wasio wao, na kuchelewesha basi pale ilipobidi mpaka ofisa wa ustawi wa jamii afike, hata ulipopoteza ujira wa siku." Sentensi hiyo ilimfanya kondakta mmoja aisome mara mbili akiwa amesimama, kisha amwulize katibu nani aliwaambia habari za ujira. Hakuna ndani yake jina la mtoto, la kijiji wala la basi.

Epukeni neno "mkombozi". Linamfanya aliyesaidiwa aonekane mzigo uliobebwa, ilhali mara nyingi ni yeye aliyeandika namba ya simu kwenye karatasi ya sabuni na kuitupa nje ya dirisha. Epukeni pia "sauti ya wasio na sauti", sauti wanayo.

Hatua ya sita: toeni kinachohitajika

Ngao ya kioo hukaa kabatini ikikusanya vumbi. Sisemi isitolewe kabisa, maana wapo wanaoipenda na wana haki ya kuipenda, ila kabla ya kuagiza ngao, ulizeni. Majibu tuliyowahi kupata ni haya: muda wa maongezi wa miezi sita, magodoro manne ya nyumba salama, kufuli imara la kabati la mafaili, ada ya bima ya afya ya mlezi na wanawe, siku tatu za kupumzika mahali pasipo na mtandao wa simu, mwenzake akimshikia zamu. Ombi hilo la mwisho lilitoka kwa watu wawili tofauti waliokuwa hawajuani. Anayesikiliza mateso ya wengine kila siku huchoka kwa namna ambayo haionekani, na kikao na mshauri nasaha kinaweza kuwa zawadi kubwa kuliko zote.

Kwa mtumishi wa umma kuna zawadi isiyogharimu chochote zaidi ya stempu: barua ya pongezi kwa mkurugenzi wa halmashauri au kwa mkuu wake wa kazi, ikieleza alichokifanya na kuomba nakala iwekwe katika jalada lake la utumishi. Barua hiyo humsaidia siku ya kupandishwa daraja. Kwa wengine, wekeni mfuko mdogo wa nauli unaosimamiwa na watu wawili, ambao mtu anaweza kuuchota usiku bila kusubiri kikao. Kanga pia zinafaa, na jina la kanga likichaguliwa vizuri litatembea mitaani kwa miaka. Lakini msichapishe jina la mtu wala namba yake juu ya kanga.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Anzeni asubuhi, saa nne, ili watu warudi makwao mchana. Rudisheni nauli ya kila anayeenziwa kabla hafla haijaanza, katika bahasha iliyoandikwa jina lake, asilazimike kuifuata kwa mhasibu jioni. Wenye kuenziwa wakae safu ya mbele, na mgeni rasmi akae nao. Hotuba yake isizidi dakika kumi. Mwandikieni mambo matatu ya kutaja na mawili ya kutotaja.

Upigaji picha uratibiwe na mtu mmoja. Waliokubali kupigwa picha wavae utepe wa bluu, rangi ambayo tayari ni ya kampeni ya Moyo wa Bluu ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na wasiovaa utepe wasielekezewe kamera wala simu. Waandishi waelezwe mlangoni. Mahali pa nyumba salama pasitajwe hata kwa fumbo kama "pale karibu na kanisa". Igizo likiwepo, lisionyeshe kipigo wala ubakaji. Lionyeshe jinsi ahadi ya kazi inavyotolewa na jinsi jirani anavyoweza kuuliza maswali. Mshauri nasaha awepo, akae karibu na mlango, na chumba kimoja kiachwe wazi kwa atakayehitaji kutoka.

Jiandaeni pia kwa jambo ambalo hutokea karibu kila mara: chai ikiendelea kunywewa, mtu atamvuta mjumbe pembeni na kusema, "kuna binti kwa jirani yangu." Wajumbe wote wawe wamefundishwa kusikiliza bila kuahidi, kutokwenda kugonga mlango huo wenyewe, na kumwunganisha mtoa taarifa na Dawati la Jinsia na Watoto au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa habari za watoto, namba ya bure ya 116 inapatikana Tanzania na Kenya. Iandikeni nyuma ya ratiba.

Hatua ya nane: wiki moja, miezi mitatu

Ndani ya wiki moja mpigieni simu kila aliyeenziwa na mwulizeni kama kuna aliyemtisha, aliyemkejeli au aliyemfuata tangu hafla ipite. Kejeli hutokea zaidi ya vitisho: kondakta wetu aliitwa "polisi wa mabinti" na wapiga debe kwa mwezi mzima, na ilibidi mwenyekiti wa stendi azungumze nao. Mkisikia tishio la kweli, lipelekeni polisi siku hiyohiyo, na muondoe picha zake zote mlizoziweka mtandaoni, mkiwaomba na walioshiriki nanyi waziondoe. Baada ya miezi mitatu pigeni tena, safari hii kuuliza kama godoro lilifika, kama mfuko wa nauli una kitu, kama barua iliingia kwenye jalada.

Majina ya walioombwa wakakataa, na yote yaliyosemwa baada ya "ila kuna yule", yasibaki kwenye simu ya katibu wala kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Yaandikwe katika daftari moja, likae kwenye kabati lenye kufuli mbili, na funguo zake zikae kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.